Nilimsingizia Tumbili wa Kitisuru

Nilikosa, jameni. Tena nilikosa nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba, kwa hivyo msinitafutie shetani wa kumlaumu. Shetani hakuwepo. Tulikuwa mimi, simu yangu, na kuku wa Nekesa.

Nekesa si jina lake, na langu sitalitaja ng'o! Jueni tu kwamba mimi ni fundi wa intaneti na kompyuta, mzaliwa wa Uthiru, na nina kaofisi kadogo katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, meza moja na viti viwili, kimoja kibovu. Wateja wangu wengi ni wageni wa kutoka ng'ambo wanaofanyia kazi nyumbani. Mgeni akitua tu, kabla hajajua hata soko liko wapi, anataka waifai. Mimi ndiye humwambia asifiche rauta ndani ya kabati la vyombo, paswadi isiwe jina la mbwa wake, na kazi zake aziweke mahali pawili kwa sababu kompyuta haina huruma. Ushauri mzuri kabisa. Laiti ningejishauri na mimi!

Mmoja wao nilikuwa namwita Mdosi. Mzungu mrefu, mpole, aliyeishi Asia miaka mingi kabla ya kuja kukaa Kitisuru. Kila nikimfungia kifaa lazima anisimulie intaneti ya huko ilivyokuwa ikikimbia. "Kule mvua inanyesha wiki nzima na mtandao haukatiki," ananiambia.

"Hata hapa hautakatika, Mdosi," mimi namjibu, kifua mbele.

Sasa, Nekesa alikuwa mpishi wa nyumba hiyo. Mwanamke wa Bungoma, sauti ya kwaya, mikono ya haraka, na mdomo! Siku ya kwanza alinikuta nimelala chini ya meza nikivuta waya. Akasema, "Fundi, wewe unatengeneza ama umekuja kulala? Sema tu nikuletee blanketi." Nilicheka mpaka nikajigonga kichwa.

Saa saba akaniwekea ugali, mrenda na kuku wa kienyeji, ingokho yenyewe kama wasemavyo kwao. Akakaa mbele yangu akiniangalia nikila.

"Nyinyi Wakikuyu hamjui kula kuku," akasema. "Ona vile umeacha nyama kwa mfupa. Rudia hapo."

Nikarudia. Aki, mtu akikupikia hivyo na akikuchokoza hivyo, utafanya nini? Niliisha.

Shida ikawa kumwona tena. Kitisuru si Uthiru, ambako unapiga hodi na kuulizwa kama umekula. Huko getini kuna soja, na soja ana kitabu cha wageni. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, halafu mwisho kabisa kuna nafasi ya "sababu ya kuja". Nayo nyumba ile ilikuwa na sheria kwamba wafanyakazi hawapokei wageni wao. Huwezi kuandika "Nekesa" hapo. Mimi sababu yangu ilikuwa moja, "Intaneti". Na intaneti ilikuwa nzima kama jiwe, nimeifunga mwenyewe!

Mtaniuliza, si ungempigia simu umwalike chai siku ya Jumapili? Namba yake nilikuwa nayo. Wacha niseme ukweli: niliogopa. Mimi huyu ninayeingia majumba ya watu na kuamrisha makabati yasogezwe, kumwambia mwanamke mmoja "nataka kukuona" kulinishinda.

Basi nikatumia ujuzi. Rauta ya Mdosi nilikuwa nimeiunganisha na simu yangu, ili ikisumbua niitengeneze nikiwa mbali. Mafundi wengi tunafanya hivyo, na si vibaya. Kila Alhamisi Mdosi hushinda mjini kwenye mikutano na kurudi saa kumi. Alhamisi moja saa nne asubuhi, nimekaa ofisini kwangu, nikafungua simu nikabonyeza. Intaneti ya nyumba ile ikazimika, rauta yenyewe ikabaki ikinisikiliza mimi tu.

Dakika tano hazikuisha, Nekesa akapiga. "Fundi! Mtandao umekufa, na Mdosi anataka aupate ukiwa hai saa kumi."

"Niko kwa njia," nikamwambia. Na bado nilikuwa nimekalia kile kiti kizima!

Nilipofika nilihitaji kisa. Nikaangalia nje, nikaona tumbili ameketi juu ya ukuta akila papai la Mdosi bila wasiwasi. Mungu anisamehe, nikamnyooshea kidole. "Ni hawa. Wanatafuna waya."

Nekesa akaamini. Mdosi akaamini. Soja alisema hata yeye amewaona! Nikapanda ngazi, nikashikashika waya uliokuwa mzima, nikashuka, nikawasha mtandao kwa simu mfukoni, nikala kuku.

Nilirudia Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mdosi akavisha waya bomba la plastiki. Akanunua nyoka wa mpira akamtundika ukutani, tumbili wakawa wanamchezea. Mwisho akaukata mpera wake mkubwa aliokuwa akiupenda, eti ndio ngazi yao. Siku ile mpera umelala chini dhamiri ilinisuta kidogo. Lakini Nekesa alikuwa ametengeneza chapati, nikasahau.

Nilijiambia simuumizi mtu. Mdosi hayuko, hakuna anayetumia mtandao. Kumbe!

Alhamisi moja nikazima kama kawaida, saa nne na dakika kumi na mbili. Nikangoja simu. Dakika tano, kumi, nusu saa. Kimya. Nikapiga mimi, hakushika. Nikawasha mtandao na kuondoka mbio. Getini niliandika "Intaneti" nikapita.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe ya kanisani, amesuka nywele upya, na kompyuta kuukuu ya Mdosi iko magotini mwake. Hakunichokoza. Hapo nikajua kuna jambo.

"Nilikuwa na mtihani," akasema. "Wa mwisho. Nimesomea upishi kwa mtandao mwaka mzima, fundi. Mdosi peke yake ndiye alijua. Wanakuangalia kwa kamera, na mtandao ukikatika mtihani unajifunga. Nilikuwa nimebakisha maswali kumi na mawili."

"Si ungeniambia?" Hilo ndilo lililonitoka. Hilo!

"Nilitaka nipite kwanza, ndio nikwambie."

Halafu akalia. Si kwa sauti, alijifuta tu kwa mkono wa ile blauzi. Nami nikasimama pale na begi langu la vifaa. Nikafungua mdomo niseme ukweli, na mdomo ukasema, "Hawa tumbili!"

Woi! Hilo nalijutia kuliko kuzima kwenyewe.

Kesho yake akanipigia, na sauti yake ilikuwa imefufuka. "Fundi, kuna njia! Chuo kimesema nikileta barua ya fundi, pamoja na rekodi ya rauta inayoonyesha ni nini kilikata mtandao, nitarudia wiki ijayo. La sivyo nianze upya mwaka ujao. Niandikie, tafadhali. Wewe ndiye ninakuamini."

Rauta huweka kumbukumbu za kila kitu, wale msiojua. Niliifungua nikiwa ofisini. Mstari ulikuwa pale, mweusi kabisa: saa nne na dakika kumi na mbili, imezimwa na msimamizi, na jina la simu iliyozima. Simu yangu nilikuwa nimeibatiza mwenyewe kwa majivuno. Iliandikwa "Fundi Nambari Moja".

Na juu yake Alhamisi zingine zote zimejipanga.

Sitawadanganya, kubadilisha mistari ile ni kazi ndogo kwangu. Nilianza. Kwenye nakala ya rekodi nilifuta jina langu, nikaandika kwamba waya ulikatika, na barua ya tumbili nikaimaliza, tena kwa lugha tamu. Kisha nikaona pale juu ya karatasi jina la mwanafunzi. Jina lake kamili, la ubatizo na la baba yake. Chuo kikigundua rekodi imechezewa, wangemfukuza yeye, wala si mimi. Nilikuwa nimemwangusha mara moja bila kujua, na sasa nilikuwa nataka kumwangusha nikijua.

Nikachana zote. Nikachapisha rekodi ilivyo. Nikaandika barua nyingine fupi: mtandao haukuwa na hitilafu, mtahiniwa hana kosa, niliuzima mimi kwa sababu zangu mwenyewe. Nikatia sahihi.

Getini soja akanisukumia kitabu. Kwenye sababu ya kuja nikaandika "Barua". Akamwita Nekesa, naye akatoka akijifuta unga mikononi, anatabasamu. Nikampa barua na rekodi, akazisoma amesimama. Akasoma tena.

"Alhamisi zote?" akauliza.

"Zote."

"Na tumbili?"

"Tumbili hawana makosa."

Akacheka, mara moja tu, kama mtu aliyepaliwa na chai. "Na mpera wa watu umekatwa!" Kisha uso wake ukajikunja. "Kwa nini, fundi? Nilikukosea nini?"

Hata hapo, jameni, hata hapo niliangalia viatu vyangu! Soja anasikiliza, kalamu iko sikioni. Nikasema, "Ni ujinga tu."

"Haya. Enda na huo ujinga wako." Akaikunja barua vizuri, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi ndani.

Mdosi alipoonyeshwa barua hakunipigia kelele. Aliniandikia ujumbe mmoja mpole, kwamba Asia yote aliyozunguka hajawahi kukutana na fundi kama mimi. Wageni wana kikundi chao cha kushauriana mambo ya nyumba, maji na mafundi, na ushauri ulisambaa. Kitisuru nikafutwa. Simu zikanyamaza, nikabaki na viti vyangu viwili. Siku hizi natengeneza printa za watu mjini, na kila nikimaliza naulizwa mara mbili kama nimetoka kabisa kwenye mashine yao. Najibu kwa adabu.

Nekesa alirudia mtihani akapita. Nilisikia kutoka kwa yule soja. Baadaye akaacha kazi ya nyumba akafungua hoteli ndogo pale karibu na Woodley, meza sita na pazia la maua. Ilinichukua miezi kupata moyo wa kwenda. Nilienda mchana, watu wamejaa.

"Fundi Nambari Moja!" akaniita mbele ya wote. Nilitamani sakafu inimeze. "Leo umekuja kutengeneza nini?"

"Sijakuja kutengeneza kitu. Nimekuja kukuona."

Yakatoka yenyewe, jameni, wala hayakunishinda. Nekesa akaendelea kupangusa meza yangu, ingawa ilikuwa safi. Kidoleni alikuwa na pete.

"Ungesema hivyo ile Alhamisi ya kwanza," akasema polepole, "ningetoka mwenyewe mpaka getini nikushike mkono. Nilikuwa nakungoja useme. Kwani ulidhani kuku wale nilikuwa nawapikia waya?"

Akaniletea sahani, akaenda kuhudumia wengine. Nikala. Sikuacha nyama kwa mfupa.

Basi wewe mwenye nyumba, leo hii badilisha paswadi ya rauta yako, na umuulize fundi wako kama bado anaweza kuingia akiwa kwake. Akianza kukuambia habari za tumbili, panda ngazi uone waya kwa macho yako. Mpera usikate.

Na wewe fundi mwenzangu, au wewe yeyote unayezungukazunguka kwa mtu ukijifanya umekuja na shughuli, sikia kutoka kwangu niliyeungua. Kwenye kitabu cha wageni, pale kwa sababu ya kuja, andika jina lake. Soja atakufukuza, ndiyo. Lakini ataenda kumwambia kwamba ulikuja.