Stuwadi Aliyekaa Upande wa Meneja

Niliposimama, meneja alidhani naenda zangu. Sikuwa naenda popote. Nilikuwa namwangalia mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, yule kiwanda kizima tunamwita stuwadi, akivuta kiti chake hadi ule upande mwingine wa meza. Akaketi bega kwa bega na meneja, akamiminiwa chai. Upande wangu nikabaki peke yangu. Ilikuwa saa saba mchana, sikuwa nimekamua maziwa ya mtoto wangu tangu alfajiri, na yalikuwa yameanza kupenya kwenye dastikoti langu la kazi.

"Hawa kina mama wa siku hizi, boss," stuwadi akasema akicheka. "Wanataka kampuni iwalelee watoto."

Hapo ndipo nilipofika mwisho wa uvumilivu.

"Hama," nikamwambia. "Kuja ukae huku."

"Madam, keti. Si tunakusaidia?"

"Unamsaidia nani? Mimi sijibu swali hata moja mpaka ukae upande wangu."

Hakuhama. Meneja akaandika kwamba nimekataa kujieleza, na kikao kikasongezwa hadi Jumatatu. Tayari nilikuwa na barua mbili za onyo. Ya tatu ni ya kukupeleka nyumbani.

Kosa langu ni hili. Mimi nashona kola za yunifomu za shule. Mtoto wangu ana miezi minne, na kila asubuhi namwacha kwa mama mmoja anayelea watoto hapo mtaani Kawangware 56, pamoja na maziwa niliyokamua jana yake. Nisipokamua kazini, kesho mtoto hana kitu. Na kazini mahali pa kukamulia ni chooni. Mlango hauna komeo, sakafu iko na maji siku zote, kwa hivyo unazuia mlango kwa mguu, unashika chupa kwa mkono, unaomba Mungu mtu asisukume. Hayo ndiyo maziwa unampelekea mtoto.

Mara tatu nilimwendea stuwadi. Nikamwambia atuombee kona tu, hata pale stoo ya vitambaa, pazia tutashona wenyewe. Kwani si sisi ndio mafundi? Mara tatu akanijibu, "Nitaangalia." Hakuangalia kitu. Nikaacha kumngoja, nikawa naingia stoo mwenyewe, na supavaisa akanipata huko, akanipata tena, akanipata tena. Ati nimetoka kwenye mashine bila ruhusa.

Kinachoniuma ni kwamba tulimchagua wenyewe. Tuliinua mikono kwa sababu anaongea Kiingereza bila kukwama, tukasema huyu hatatishwa na meneja. Hakuna aliyeuliza atakitumia hicho Kiingereza kusema nini.

Kesho yake saa ya chakula, mwenzangu wa mashine ya kando alikuja kuketi nami na bakuli lake la githeri. Ni mama wa Kibera, anaweza kunizaa, na zamani alikuwa stuwadi kwenye kiwanda cha biskuti.

"Binti yangu, umewahi kusoma kile kijitabu cha mapatano ya chama na kampuni?"

"Stuwadi anasema amekifungia kwa lokari yake."

"Basi kimelala usingizi mzuri." Akatoa chake kwenye mkoba, kimekunjwa kimelegea kama kitambaa. "Sikiza. Ukiitwa ofisini, stuwadi anakuja kwanza kwa mashine yako, anakuuliza imekuwaje. Huko ndani anakaa kando yako, anaandika kila neno. Ukipandwa na hasira anaomba dakika tano mtoke nje upoe. Na kama umekosea, anakuambia hukohuko nje. Si mbele ya meneja."

"Na chai?"

"Chai anywe. Lakini kikombe akilete upande wako."

Nilicheka, halafu nikakasirika kuliko jana. Miaka miwili nilidhani kazi ya stuwadi ni kututangazia mkutano ni lini.

Jumamosi tulienda ofisi ya tawi la chama, mimi na yeye, mtoto mgongoni. Karani akasukuma fomu ya malalamiko kwenye kaunta.

"Stuwadi wako asaini hapa chini kwanza."

"Ndiye ninayemlalamikia."

"Sasa hapo ni ngumu, sista."

"Ngumu ni hicho kiti umekalia," mama wa Kibera akamwambia. "Mpe karatasi nyeupe."

Akanipa. Niliandika nimesimama, nikaandika nakala mbili, na sikutoka mpaka zote mbili zikagongwa muhuri. Yangu ninayo. Inasema hivi:

"Kwa Katibu wa Tawi. Mimi ni mwanachama na mshonaji wa kola. Namlalamikia stuwadi wetu. Nilimwomba mara tatu apeleke kwa meneja suala la mahali pa kukamulia maziwa, hakupeleka. Nilipoitwa kujieleza hakuniuliza kilichotokea, hakuandika neno, na alinicheka mbele ya meneja. Naomba kikao cha Jumatatu kisiendelee mpaka chama kinipe mtu wa kuketi nami. Naomba suala la stoo lipelekwe kwa maandishi. Naomba pia sisi tunaoshona tuitwe tupige kura upya. Kiti cha upande wangu kilikuwepo. Kilikuwa kitupu."