Amina ya Mastura

Mastura, muuza vitumbua wa Ngamiani, hakuwa mtu wa siasa, msije mkamsingizia. Lakini mwaka ule Waingereza na Wafaransa walipoishambulia Misri, nani Tanga hakuwa na siasa? Redio ya mkahawani ilizungukwa na watu mpaka barabarani. Misri ikitajwa, takbiri! Mastura naye alishangilia, kisha akarudi kwake akafunga mlango. Mwanawe wa pekee, Uweso, alikuwa mwosha vyungu katika meli ya Waingereza iliyopeleka chakula cha askari huko huko. Majirani aliwaambia yuko Mombasa, kuli wa bandarini. Angesemaje? Angetemewa mate!

Ijumaa moja Mwalimu Zubeiri akatangaza kwamba nyumbani kwake itasomwa Halbadiri, ile dua ya kuwaapiza waonevu, na vitumbua vitoke kwa Mastura. Akavipika. Akakaa na wanawake nyuma ya pazia, ubani ukifuka, akiomba kimoyomoyo msomaji apaliwe, mvua inyeshe, lolote lile.

"Ya Rabbi, zizamishe meli zao, na kila anayewatumikia humo asirudi kwao!"

"Amina!" nyumba nzima ikaitikia.

Jirani yake Mwanasiti akamgeukia. "We Mastura, mbona kimya? Au una mtu wako huko?" Alikuwa akitania tu, masikini, meno yote nje.

"Amina," akasema Mastura, kwa sauti, wote wakasikia. Jamani! Mama mzima, kwa kuogopa midomo ya watu!

Vita vikaisha, Waingereza wakaondoka na aibu yao, mji ukafurahi. Mwezi wa Rajabu akaja baharia wa Horohoro, jina lake Safari, kabeba sanduku la Uweso.

"Shikamoo, mama." Akainamisha kichwa. Boila la meli lilipasuka, Uweso akaungua, wakamzika huko huko. "Ilikuwa siku ya..."

Mastura akamziba mdomo kwa kiganja. "Usinitajie siku, mwanangu. Nakuomba. Usimtajie mtu yeyote."

Siri ikatoka, na hakuna aliyemtemea mate. Walikuja wote msibani, Mwanasiti wa kwanza, akalia mpaka akashikwa. Mwalimu Zubeiri mwenyewe alisoma hitima, akamwombea Uweso makao mema, na nyumba nzima ikaitikia amina.

"Itikia, dada," Mwanasiti akamnong'oneza. "Mwanao huyo anaombewa."

Mastura alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.