Kibuyu cha Mdogo Wangu

Harufu ya kibuyu cha maziwa sokoni imenirudisha kwenye mmea ambao mama, akiwa mjamzito, aliuongoza kwa kamba hadi juu ya paa letu la nyasi. Maua yake meupe yalifunguka jioni.

“Hiki kitakuwa cha maziwa ya mdogo wako,” alisema, akinionyesha kibuyu kichanga kwa ngumi. “Usikinyooshee kidole, kitaoza.”

Alipogeuka, nilikinyooshea. Kikaoza, kikaanguka. Wiki hiyohiyo mdogo wangu alizaliwa hapumui.

Mama alipoweza kutoka tena nje, alikiokota kile kibuyu. “Ni jua tu, mwanangu,” alisema. Sikuwa nimemuuliza.

Chuo kikuu nilifundishwa kwa nini matunda machanga huanguka, nikafaulu vizuri. Leo muuza vibuyu aliponiuliza nataka kipi, nilimwonyesha kwa ngumi.