Landrova Lililokataa Mdundiko

Fundi Twaha Pazi wa Temeke alikuwa na tabia moja iliyomchosha mkewe: akiletewa gari lenye ugonjwa wa kujificha, anachangamka kama mtu aliyepokea mgeni kutoka Hija. Gari lililokufa moja kwa moja halikumsisimua hata kidogo. Hilo ni maiti, alisema, kila mtu analiona. Alilolipenda ni lile linalozima barabarani, likifika kwa fundi linawaka vizuri, linanguruma, na kumfanya mwenye gari aonekane mwongo. Likija la namna hiyo Twaha alisahau chai, alisahau kofia, akawa anaongea na nyaya peke yake.

Lakini mwaka ule wa tisini na tatu ugonjwa wa kujificha ulimjia pabaya. Ulikuja ndani ya Shangazi, na Shangazi ndilo lililotakiwa kuongoza harusi ya Munira, binti yake wa pekee.

Shangazi lilikuwa Landrova, pikapu ndefu ya zamani, mali ya bwana Stephano, mtu wa Masasi aliyejifunza tarumbeta kwenye bendi ya misheni na kuja mjini na ujuzi wake. Nyuma walipanda wapiga matarumbeta na ngoma, na msafara wa harusi ukafuata kwa honi na vigelegele. Lilipewa jina hilo kwa sababu halikosi harusi, na kila harusi linakuja limejipamba upya. Enzi za maduka matupu Stephano alilipaka rangi yoyote aliyobakiziwa na watu. Sasa biashara zilikuwa zimefunguliwa, Kariakoo imejaa makopo ya kila rangi, na Stephano akapagawa. Wenye harusi wakishona sare ya waridi, Shangazi waridi. Wakishona samawati, Shangazi samawati. Wala hakupaka juu juu kama mvivu: alifungua nati, akapaka hadi uvunguni, akafunga tena. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo, Twaha akiwemo.

Munira alipokuwa mdogo alikimbilia matarumbeta yale mpaka Tandika, watu wakawa wanamrudisha kwao analia. Siku moja baba yake, ili anyamaze tu, akamwambia siku yake ikifika Shangazi litakuja kumchukua mlangoni. Mtoto yule alinyamaza kweli, lakini hakusahau. Alipoposwa na kijana wa Mwenge, jambo la kwanza aliloliuliza halikuwa mahari. Aliuliza, "Baba, Shangazi bado lipo?"

Lilikuwepo, ila lilikuwa limeshafanya vituko. Kiwalani lilizima katikati ya barabara, bibi harusi wa watu yuko gari la nyuma. Matarumbeta yakakatika, msafara ukabanana, na mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ndoa imezima kabla haijawaka. Baada ya kitambo Landrova likawaka lenyewe, kana kwamba halikufanya kitu. Harusi iliyofuata, hivyo hivyo. Maneno yakafika Temeke upesi kuliko gari.

"Baba Munira," Raudha, mke wa Twaha, alisema huku akichambua mchele wa shughuli, "mie mwanangu hafuati gari la mkosi. Kuna bendi kule Mwenge wana pikapu ya Kijapani, mpya. Waje hao."

"Nipe mpaka Alhamisi."

"Si useme tu limekushinda!"

"Halijanishinda. Linanitania."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Twaha aliingia uvunguni kwa furaha ya mtu anayekwenda kugombana na ndugu yake. Alijua pa kuanzia: injini ilikuwa inakufa kwa kukosa petroli, na petroli ilisukumwa na pampu ya umeme aliyoifunga mwenyewe nyuma, karibu na tangi, miaka ile spea ya asili ilipokuwa haipatikani hata kwa dua. Basi pampu ikizima kidogo, injini inamaliza kilichobaki halafu inalala. Lakini kwa nini pampu izime? Alibadilisha swichi. Alibadilisha waya unaoleta moto, yaani umeme, kutoka mbele, akaukagua mpya inchi kwa inchi. Akaliendesha Shangazi mpaka Mbagala na kurudi, akilenga kila shimo kwa makusudi, na Shangazi likaruka mashimo yote likiimba. Akapakia viroba vya mchanga sawa na uzito wa bendi nzima. Halikukohoa.

Jioni alipita sebuleni kimyakimya. Munira alikuwa ndani, mwali anasingwa, haruhusiwi kutoka wala kuonekana. Sauti yake ikapenya pazia.

"Baba, limepona?"

"Linapona," Twaha alijibu, na moyo ukamuuma kwa kuwa hakuwa na hakika.

Alhamisi asubuhi Stephano alikuja na Albano, mpiga ngoma kubwa, mwili mkubwa, sauti ndogo. Walikuja kuaga kazi. Stephano alivua kofia kabisa.

"Fundi, kama umeshindwa tuambie tu, sie tutaelewa. Wape wale wa Mwenge."

"Kaa chini kwanza. Siku zile lilipozima, mlikuwa mnapiga wimbo gani?"

Stephano akamtazama Albano, Albano akatazama viatu vyake.

"Mwambie," Stephano alisema.

"Mdundiko," Albano akanong'ona. "Kila mara ni mdundiko, fundi. Nyimbo nyingine halina neno. Tukiingia mdundiko tu, linakata roho. Mie nawaambiaga hawa, ngoma ile ina wenyewe, na wenyewe hawataki ipigiwe tarumbeta. Tumeiacha."

Twaha alikuwa Mzaramo, na mdundiko ulikuwa ngoma ya bibi zake. Harusi ya Mzaramo bila mdundiko alikuwa hajaisikia, na alijua fika kwamba Raudha angeweza kusamehe gari kuzima lakini si hilo. Mtu mwingine angekasirika. Yeye aliruka juu, akampiga Albano begani mpaka yule bwana akayumba.

"Mkipiga mdundiko mnakuwa mmekaa au mmesimama?"

"Utakaaje, fundi? Tunarukaruka wote."

"Nendeni mkalete vyombo!"

"Vyombo gani?"

"Matarumbeta! Ngoma! Bendi yote! Mnipigie mdundiko hapahapa!"

Saa nne haijafika, ua wa Twaha ulikuwa umejaa. Aliyekuwa anafua aliacha nguo, muuza maandazi alihamisha karai lake likiwa bado la moto. Landrova lilisimama katikati, injini inanguruma, wapigaji wamesimama nyuma na nyuso za mashaka. Twaha alikuwa uvunguni, amelala chali, ameshika taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Ncha moja aliibana penye waya unaoleta moto kwenye pampu. Ya pili aliigusisha kwenye bolti ya waya wa bodi, ule unaotoka kwenye pampu na kurudisha moto kwenye bati la gari. Balbu ikawaka vizuri.

"Haya, pigeni!"

Wakapiga kwa woga, kama watu wanaoimba msibani.

"Mnaogopa nini? Rukeni!"

Albano akafumba macho na kuitandika ngoma, matarumbeta yakapanda, watu uani wakaitikia, na miguu yote ya bendi ikaanza kulikanyaga bati la sakafu kwa pamoja. Bati likawa linabonyea na kurudi juu ya uso wa Twaha. Balbu ikapepesa. Ikapepesa tena. Ikazima.

Twaha akahamisha ncha ile ya pili haraka, akaigusisha kwenye chesisi, chuma kinene kinachobeba gari. Balbu ikawaka, wala haikupepesa. Moto ulikuwa unafika! Ulikuwa unafika siku zote! Ulichokosa ni njia ya kurudi.

Pampu ikanyamaza, na punde injini ikakohoa na kufa. Bendi nayo ikafa hapohapo. Mtu mmoja uani akasema, "Mnaona? Mnaona?" Albano alikuwa ameshateremsha mguu mmoja chini.

"Msiache!" Twaha alipiga kelele kutoka uvunguni. "Nani kawaambia muache? Nimelikamata!"

Alipoifungua bolti ya waya wa bodi alianza kucheka, akacheka mpaka vumbi likamwingia mdomoni. Akatoka akiwa ameishika mkononi pamoja na washa yake, kile kipete cha chuma, akamwonyesha Stephano. Chini ya washa, pale ambapo chuma kilitakiwa kugusana na chuma, palikuwa na rangi. Juu ya rangi, rangi nyingine. Waridi, samawati, kijani cha ndizi, tabaka juu ya tabaka, na katikati kijitundu kidogo tu ambamo moto ulikuwa unapenya gari likitulia, na kukosa pa kupita bati lilipokanyagwa.

Stephano aliipokea, akaigeuzageuza kwenye jua.

"Hii waridi ni ya harusi ya Anjelina," alisema polepole. "Hii ya yule nesi wa Mtoni. Hii... jamani, fundi! Mie ndiye nimekuwa nikiwazimia watu harusi zao?"

"Wewe ndiye uliyezipamba," Twaha alisema. "Nipe msasa."

Alisugua mpaka bodi ikang'aa, akasugua bolti, akasugua kichwa cha waya, akakaza kwa nguvu zake zote. Injini ikawashwa. Safari hii hakuna aliyehitaji kuhimizwa. Mdundiko ulipigwa mpaka kuku wakahama, Landrova likawa linayumba kwenye springi zake, na injini ikaendelea, na ikaendelea. Raudha alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuuliza fujo gani hii nyumba ya mwali. Hakuuliza. Alijifunga khanga kiunoni, akaingia katikati na mwiko wake, na waliomwona siku ile walisema hajawahi kucheza hivyo tangu harusi yake mwenyewe. Kutoka ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa, kigelegele kikapasuka. Kungwi akasikika akigomba, na kigelegele kikarudi tena, kirefu zaidi. Twaha aligeukia injini akijifanya anakagua mafuta, maana machozi yalikuwa yanamtoka na mikono yake ilikuwa michafu.

Jumamosi alasiri Shangazi lilikuja mpaka mlangoni, limepakwa rangi ya dhahabu, isipokuwa mahali pamoja uvunguni ambapo Stephano aliapa brashi yake haitagusa tena. Munira akatolewa amefunikwa, akaingizwa gari la nyuma. Kwa desturi ya kwao baba hamsindikizi binti. Twaha alibaki barazani na kanzu yake mpya, shingo ameinyoosha.

Mdundiko ulianza palepale. Alisikiliza kama fundi: wakapita kwenye duka la kona, injini iko sawa. Wakakata kuelekea barabara ya Kilwa, iko sawa. Sasa wanaruka, wanaruka kwa nguvu, iko sawa. Akatabasamu peke yake, akahesabu gia. Ngoma ikawa ndogo, ikafifia, ikachanganyika na kelele za mji. Nyumba nyuma yake ilikuwa kimya, pazia la chumba cha mwali limefunguliwa, na hapakuwa na mtu.

Ndipo Twaha, aliyekesha wiki nzima akiomba gari lile lisizime, akajikuta ameshika nguzo ya baraza, ametega sikio, anaomba lizime kidogo tu, pale pale barabara ya Kilwa, akimbie kwa miguu akalitengeneze.

Halikuzima.