Chumvi ya Ng'ambo ya Barabara

Juma lililopita nilishuka basi mjini Kamembe baada ya kutokuwepo kwa muda mrefu, nikamwambia dereva wa pikipiki anipeleke kwa Maman Chai. Akainua kioo cha kofia yake, akanitazama.

"Mzee, kwa Maman Chai siyue. Ni upande gani?"

Nikamweleza: pale njia ya sokoni inapokutana na ya mpakani na ile inayotoka Muganza. Akaangua kicheko.

"Aa, Papa! Si useme tu kwa Maman Sambaza! Kule kwa rond-point, ule muzunguko mupya. Panda, twende."

Nilipanda, ila nilipanda nimenuna. Ndugu msomaji, nimetumikia ofisi za umma tangu ujana hadi kustaafu, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kila jambo linabaki mahali pake. Basi niruhusu nilisahihishe na hili: njia panda ile ilikuwa ya nyanya yangu. Madereva wa malori ya saruji ndio waliompa jina la Maman Chai, wakaliita na eneo zima kwa jina hilo, kwa sababu kwenye kona yake ndipo walipokwama.

Kona yenyewe ilikuwa kali. Lori moja likipinda, jingine lilipaswa kurudi nyuma, huku akina mama waliotoka Bukavu wakipenya katikati na mizigo kichwani. Honi zililia, matusi yakaruka kwa lugha zote za ziwani, vumbi likatua juu ya migomba. Nyanya hakulalamika. "Barabara ikisimama," alikuwa akisema, "sufuria inatembea." Mimi nilipepea makaa, nikaosha vikombe vya bati, nikachunga maziwa yenye tangawizi yasifurike. Na nilipokuwa nikifanya hayo yote, macho yangu yalikuwa ng'ambo.

Ng'ambo alikaa jirani yetu, huyo Maman Sambaza, akikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa. Harufu ya karai lake ilivuka barabara bila kumngoja mtu aipishe. Madereva walianzia kwake, sisi tukawa wa pili. Wajukuu wake walicheza chini ya mparachichi mkubwa. Sisi kivuli chetu kilikuwa bati lililotoboka. Niliwaonea wivu kwa mti ule, kwa samaki wale, hata kwa mafuta yaliyong'aa midomoni mwao.

"Eh, Maman Chai!" jirani alipaza sauti foleni ikiwa ndefu. "Batu bako balilala?"

"Bako kwako, banajichoma ulimi!" nyanya alimjibu. "Utabatuma huku bakianza kulilia maji!"

Wakacheka wote wawili, mikono viunoni. Mimi sikucheka. Siku moja nilimuuliza nyanya kwa nini naye asinunue karai, akaange samaki, tummalize yule mwanamke. Akanipa kitambaa nifute vikombe.

"Weye mutoto, chumvi yake ndiyo chai yangu."

Niliyachukua kuwa maneno ya mtu aliyeshindwa.

Nyanya alikwisha kufariki wahandisi walipokuja kuipanga upya njia panda. Walitueleza mkutanoni, kwa heshima zote, kwamba kona yetu ingekatwa ili malori yapate kupinda, na kona ya jirani ingekuwa bustani yenye mabenchi, mparachichi ukiachwa. Sina hoja ya kuwapinga. Leo magari hayakwami, vumbi limepungua, na akina mama wa mpakani wana njia yao ya miguu. Nilisimama nikaomba jambo moja tu, jina la nyanya libaki. Mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba jina la mahali haliamriwi na mkutano. Watu watapaita watakavyopaita. Nao wakapaita kwa kile wanachokiona bado.

Pikipiki ilipita juu ya jiko la nyanya bila kupunguza mwendo. Dereva akaniteremsha bustanini, kwenye benchi safi, chini ya mti uleule. Mjukuu wa Maman Sambaza, sasa mama mtu mzima, alikuwa akikaanga. Nilinunua sambaza nikiomba moyoni ziwe mbaya. Zilikuwa tamu, tena kwa chumvi ileile. Nilipomaliza, koo lilinikauka, na miguu yangu ikageuka yenyewe kuelekea barabarani.

"Papa, angalia magari! Unatafuta nini kule?"

"Chai," nikasema, kabla sijajizuia.

"Kule? Kule ni barabara tu, Papa."

Lori la saruji likaja kutoka Muganza, likauzunguka mzunguko polepole, bila honi, bila tusi, likaenda zake. Likafuata jingine. Ndipo nilipomwelewa nyanya, nikiwa nimesimama ukingoni na chumvi ya jirani mdomoni, nikingoja lori moja tu likwame.