Meza ya Miamba katika Soko la Kale la Ufaransa

Tangawizi yetu ya Miamba ikishuka mlimani hupoteza jina. Walanguzi huichanganya na ya kwingine, na mnunuzi wa mbali hajui kama kuna kijiji kinachoitwa Miamba. Kikundi chetu cha wakulima kilipoalikwa kwenye soko la mji mmoja wa kale huko Ufaransa, tulitaka kitu kimoja tu: meza yenye jina letu. Mama Namsifu, mwenyekiti wetu, alikuwa anaumwa mguu, akanichagua mimi. Nilimwambia mimi si msemaji, tena niliishia darasa la saba, na mbele ya wageni huona haya hata kutaja kwetu.

"Umeikausha wewe mwenyewe," akasema. "Nenda kaisimamie."

Alfajiri nilishuka hadi Kisiwani, kisha Same, nikapanda basi la Moshi. Tulipopita Kifaru mawingu yalikuwa yamefunika milima. Jioni nikapanda ndege.

Kesho yake, baada ya safari ndefu ya treni katikati ya mashamba ya ngano, nilipokelewa na dada Ndeshi, Mchaga wa Marangu aliyeolewa huko. Yeye ndiye angekuwa mkalimani wangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akaitikia, akaanza utani wa Wachaga na Wapare. "Mpare, begi moja tu? Au la pili umeliacha nyumbani lisichakae?"

"Nimekuletea tangawizi, dada. Mchaga angekuuzia."

Mji ule uko juu ya kilima. Nyumba zake ni za miti na udongo kama za babu zetu, ila zina ghorofa, na zimesimama tangu enzi za wafalme. Katikati kuna soko lisilo na kuta: paa kubwa la vigae juu ya nguzo za miti ambazo mtu mmoja hawezi kuzikumbatia. Ndeshi aliniambia kwamba hata zamani hizo tangawizi ilifika hapo kutoka mbali, ikanunuliwa na matajiri vipande vidogo vidogo. Nilifurahi, kama mtu aliyeambiwa kwamba shangazi yake alitangulia kufika.

Mkuu wa soko, mama mwenye mvi aitwaye Koleti, alisema imebaki nafasi moja ya meza ya kudumu. Angeamua ni ya nani soko likifungwa.

Asubuhi ya soko nilipanga tangawizi na birika la chai. Kengele ikalia. Sasa, kwetu baragumu likilia kila mtu huacha lake na kwenda kwenye msaragambo, kazi ya wote, kama kufukua mfereji. Jirani yangu, mzee wa jibini, alikuwa bado anahangaika kushusha meza zake. Sikufikiri. Nikaacha yangu, nikambebea. Nikambebea pia mama aliyeuza asali. Wateja walikuwa wameshaanza kuingia.

Ndeshi akaja mbio. "Wewe, unakwenda wapi? Hiyo ni kengele ya kuanza kuuza."

"Si imelia?"

"Imelia, ndiyo. Uza!"

Mzee akataka kujua nimesema nini. Alipoelezwa habari za msaragambo alicheka mpaka akashika nguzo. Akauliza, "Na asiyekuja huko kwenu?"

"Anatozwa faini," nikajibu. "Akikataa, tunaweza kufika mahakamani."

"Hao ni Wapare," Ndeshi akamwongezea. "Kwa kesi hawachoki."

Basi nikaendelea, nikaeleza mfereji unavyochimbwa, maji yanavyogawanywa kwa zamu hadi kwenye tangawizi. Mzee akawaita wateja wake wasikilize. Wakanywa chai yangu, wakauliza tena. Niligundua baadaye kwamba nilikuwa nimezungumza asubuhi nzima.

Soko lilipofungwa Koleti akasimama mbele yangu. "Ni wewe uliyebeba meza za watu badala ya kuuza?"

Nilijua nimeharibu. Akanipa chaki na kibao.

"Andika jina la kwenu. Mimi nitalikosea."

Mimi huandika polepole. Wote walingoja mpaka nikamaliza: MIAMBA. Akalitundika kwenye nguzo, juu ya ile nafasi ya kudumu.

Niliporudi, Mama Namsifu, mguu umepata nafuu, alikuwa akinisubiri Kisiwani na mkongojo wake.

"Wametuandika?"

"Nimeandika mimi, mama."

"Kwa mwandiko wako huo?" Akanishika mkono, tukapanda mlima.

Nilidhani kila mahali duniani, likilia baragumu au kengele, watu huenda kusaidiana. Sivyo. Ni kwetu, na sioni haya tena kusema kwetu ni wapi.