Ufunguo wa MaCele

MaCele hakuwahi kunisalimia kwa mkono. Miaka sita nililinda magari katika uwanja wa maduka ya Isipingo, huku kusini mwa Afrika, na kwa miaka hiyo yote yeye alishusha kioo kiasi cha kupitisha vidole viwili, akanidondoshea sarafu, akakipandisha. Sikumlaumu. Wengine hawakushusha kabisa.

Alikuwa mjane wa mtaa wa Umlazi, fundi cherehani. Wanawake wa makanisa mengi upande ule walivaa blauzi nyekundu na kola nyeupe alizoshona yeye, na siku ya Alhamisi, wanapokwenda kwenye maombi yao, ungemjua mteja wa MaCele kwa jinsi kola ilivyokaa. Ulimi pia alikuwa nao. Siku moja nilimsikia akimwambia mke wa mchungaji, "Dada, blauzi haikupungua, ni wewe uliyeongezeka," na mke wa mchungaji akacheka mpaka akashikilia boneti ya gari la watu.

Lakini ulimi ule ulikauka kila aliposhika ufunguo wa gari. Mumewe, mzee Ngubane, aliuawa langoni pa nyumba yao, saa nane mchana, akisubiri lango lifunguke. Walitaka gari. Walilichukua, na baada ya siku mbili wakalitelekeza kwa sababu liliishiwa mafuta. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na MaCele aliona ung'ongo kila alipoegesha. Angeshuka, ageuze shingo kushoto na kulia, abonyeze rimoti, avute kitasa, aondoke hatua tatu, arudi avute tena.

Halafu likaja lile neno la foili. Chama chao cha mazishi kilikuwa na kundi la simu, la kutangaziana misiba na michango, na humo mtu akatuma onyo: wezi wa siku hizi hawavunji kioo, wanasimama karibu nawe na kidude, wanauibia ufunguo wako sauti ukiwa ndani ya mkoba. Dawa yake, ufunge kwa foili, ile karatasi ya bati ya jikoni. Wengine wakaufunga ufunguo kama kipande cha kuku wa kuokwa. MaCele ni fundi, hakuweza kutembea na aibu ile. Akaushonea ufunguo wake kijaketi cha kitambaa cha bluu chenye shanga, akakiwekea bitana ya foili, akaacha kijidirisha cha vitufe. Haya yote niliyajua baadaye.

Basi rimoti ikaanza kudhoofika. Zamani aliweza kufunga gari akiwa mlangoni pa duka la mikate, hatua arobaini. Sasa ikawa kumi. MaCele akajua wezi wamekaribia, wanaziba mawimbi. Akafumua kijaketi, akaongeza foili ya pili. Zikawa hatua tano. Wamesogea zaidi. Akaongeza ya tatu. Mkicheka, nanyi mkumbuke mliyowahi kufanya usiku mkisikia paka darini. Hofu ina hesabu zake, na kila ukizipiga zinatoka sawasawa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, uwanja umefurika. Mimi nilikuwa na redio yangu ndogo. Kwetu Bukavu nilikuwa fundi redio, na redio mbovu hunikera kama jino, kwa hiyo hii niliiokota jalalani nikaiwekea waya mrefu wa shaba mahali pa antena iliyovunjika. Nikamwona MaCele kando ya gari lake, anabonyeza, gari halijibu. Anabonyeza tena. Nikamwendea kumsaidia, redio mkononi, waya umesimama. Ujinga wangu ndio huo.

"Mama, inagoma?"

Akatazama uso wangu, kisha waya. Nimewaona watu wengi wenye hofu. Nilitoka Bukavu na mtoto mgongoni. Ila sikuwahi kuwa mimi ndiye kitu kinachoogopwa.

"Ni yeye!" akapiga kelele. "Ana kidude! Kumbe siku zote ni yeye!"

Kabla sijameza mate, mkono ulinikaba ukosi. Alikuwa Bhekizitha, muuza vichwa vya kondoo, mwenye pikapu nyeupe, mtu ambaye asubuhi ileile nilimsukumia gari likawaka.

"Kongo! Kumbe wewe ndiye unatumaliza?"

"Kaka, hii ni redio."

"Redio gani haisemi?"

Kweli haikuwa ikisema. Betri zilianguka aliponivamia.

"Hata langu lilifunguliwa wiki jana!" mwanamke mmoja akasema.

"Dada, lako mlango unaufunga kwa kamba," akajibiwa, na watu wakacheka. Kicheko kile kiliniogopesha kuliko makelele. Watu wanaocheka hawana haraka. Walinzi wa maduka, wale wenye sare na virungu, waligeuka kutazama kwingine. Kisha sauti ya nyuma ikauliza kama kuna mtu ana tairi na kiberiti. Kila mtu pale alijua tairi la kazi gani, nami nilijua.

Nikamgeukia MaCele, kwa kuwa kati ya watu wote wale yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatetemeka kama mimi.

"Mama, nipe huo ufunguo. Nipe dakika tano. Nikishindwa kukuonyesha ubovu wake, hao hapo."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Ubovu ungekuwa ndani ya gari, ningekuwa nimejihukumu kwa mdomo wangu.

"Mpe, mama," Bhekizitha akasema. "Tumwone mganga anavyopiga ramli."

MaCele akanipa. Nikabonyeza. Kijitaa chekundu kikawaka vizuri, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Nikaubandika ufunguo kwenye kioo cha mlango, nikabonyeza tena. Gari likafunguka.

"Mnaona? Ufunguo unasema na gari linasikia. Kuna kitu katikati kinachozuia."

"Katikati hapo si ndiwe!" Wakacheka tena.

"Mama, ufunguo wa akiba uko wapi?"

"Nyumbani," MaCele akasema kwa sauti ndogo. "Kwenye kopo la chai. Nimeufunga foili."

Foili. Nikaminya kijaketi kile cha shanga, kikalia kama karatasi ya peremende. Nikamwomba kifumulio cha nyuzi, maana fundi hakosi kifumulio mkobani. Alinipa akiwa amenyoosha mkono mpaka mwisho. Nikajichoma kidole. Tabaka la kwanza. La pili. La tatu. Nikautoa ufunguo mtupu, nikampa.

"Nenda mpaka mlangoni pa duka la mikate, mama. Ubonyeze kutoka kule."

Watu wakampisha. Akafika, akainua mkono, na gari likalia na kupepesa taa zote, hatua arobaini. Nikajua nimepona.

"Amezima mashine yake!" Bhekizitha akasema.

Na wakamwamini! Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu sikuwa tena na kitu cha kuwaonyesha. Wakanipekua. Mfukoni walikuta kitana na yai la kuchemsha, chakula changu cha mchana. Yai likaanguka, mtu akalikanyaga. Kofi la kwanza silikumbuki vizuri. La pili nililisikia kwenye meno.

MaCele alirudi mbio, viatu vya kanisani vikigonga lami.

"Mwacheni! Nasema mwacheni!"

"Mama, tunakusaidia wewe," Bhekizitha akasema.

"Nani kakutuma?" Akaokota zile foili chini, akauviringisha ufunguo mbele ya macho yao, akabonyeza. Kimya. Akaufungua, akabonyeza. Gari likalia. Akarudia, mara tatu, na mara zote machozi yanamtoka na pua inamchuruzika wala hafuti. "Mimi ndiye niliyeshona hii. Uzi wangu, mikono yangu. Kila ilipogoma niliongeza nyingine. Hakuna mwizi hapa. Kuna mimi, mwoga."

"Lakini umesema mwenyewe ni yeye."

"Nimesema, nimekosea. Waliomuua Ngubane hawakuwa Wakongo, Bhekizitha. Unawajua, nami nawajua. Mmoja wao nilimshonea sare ya shule tangu darasa la kwanza."

Bhekizitha akaachia ukosi wangu. Watu wakaanza kukumbuka kwamba walikuja kununua mchele, wakaondoka mmojammoja, na yule aliyeulizia tairi sikuwahi kumjua sura. MaCele akabaki mbele yangu, akizikunjakunja zile foili.

Nilikuwa nimeinama natafuta betri za redio Bhekizitha aliporudi. Niliona viatu vyake kwanza, nikajikinga kichwa.

"We Kongo," akasema, na sauti ilikuwa ya jirani kabisa, "hebu itazame na hii yangu. Mpaka nilibusu gari ndipo lifunguke." Akaninyooshea ufunguo wa pikapu.

"Huna hata haya?" MaCele akamfokea.

"Haya ya nini, mama? Si tumeona ni fundi?"

Nikaupokea. Damu ilikuwa bado mdomoni, na sikuthubutu kukataa. Niliuona ubovu wake mara tu nilipoufungua: betri ilikuwa imelegea, kazi ya kukunja kibati kidogo tu. Lakini sikukikunja. Nilikwangua hapa, nikapuliza pale, nikafunga, nikafungua upya. Nilichelewa makusudi, kwa sababu muda wote niliokuwa nimeinamia ufunguo wa mtu yule, hakuna ambaye angenipiga.